Wengi chumba kimoja, na hakuna kutoka: mwongozo wa hatua kwa hatua

Chumba cha mita tatu kwa nne kinaweza kubeba watu wanne kwa miaka bila malalamiko makubwa, kwa sababu watu hao hawakai humo wote kwa wakati mmoja. Mmoja yuko kazini, wawili shuleni, mwingine anarudi kulala tu. Siku amri ya kutotoka nje inapotangazwa, au safari zinapopigwa marufuku na mgeni aliyekuja kwa wiki moja akakwama, chumba hakijapungua hata sentimita. Kilichopungua ni saa ambazo kila mtu alikuwa nacho peke yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na saa, si na rafu. Wengi hukimbilia kununua makabati na kuhamisha vitanda, kisha wiki ya pili wanagombana vilevile, ila sasa kuna kabati la ziada la kuzunguka.

Hatua ya 1: Gawanya saa kabla ya kugawanya chumba

Chukua karatasi moja kubwa. Mpe kila mtu safu yake, kisha piga mistari ya saa mbili mbili kuanzia kuamka hadi kulala. Kila mtu aandike anachofanya kweli, si anachotamani kufanya. Pembeni ya kila shughuli weka alama: K kama inataka kimya, M kama inataka meza, N kama inaleta kelele, joto au harufu. Sasa isome karatasi kwa mlalo. Kila mstari wenye K na N pamoja ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Mara nyingi migongano mikubwa haizidi mitatu: asubuhi bafuni, mchana sufuria linapochemka huku mtu yuko kwenye simu ya kazi, na usiku watoto wanapotaka kulala huku wakubwa wanataka taa. Shughulikia hiyo kwanza, mingine iache.

Simu za kazi na masomo ya mtandaoni zikusanywe kwenye vipindi viwili vya siku badala ya kutawanyika. Vipindi hivyo ndivyo wengine wafanye shughuli za nje ya chumba: kufua, kuchota maji, kupanda na kushuka ngazi kama amri inaruhusu. Pika mara moja kwa milo miwili. Hilo hupunguza kelele, na hupunguza pia joto na mvuke, jambo litakalorudi kwenye hatua ya hewa. Usiku zima taa ya dari na utumie taa ndogo iliyoelekezwa ukutani, chini ya usawa wa macho ya waliolala.

Akiwepo anayefanya kazi zamu ya usiku, usingizi wake upangwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndio pekee usioweza kukatwa vipande. Kichwa chake kiwe mbali na mlango na mbali na jiko.

Kisha weka saa moja ya upweke kwa kila mtu mzima, kila siku. Hii haimaanishi atoke. Wenzake wabaki humohumo ila asisemeshwe. Akae kwenye kona moja inayojulikana, amegeukia dirisha au ukuta. Kubalianeni alama, kwa mfano kitambaa kilichotundikwa kwenye kiti, ili mtu asilazimike kutangaza kuwa hataki maongezi. Watoto wakubwa nao wanastahili saa hii, na kwa kawaida ndio wanaoihitaji zaidi kuliko wanavyosema.

Ratiba huharibika kwa sababu moja kuu: imebana mno. Ratiba ya robo saa kwa robo saa haimalizi wiki. Weka nguzo tatu tu zisizobadilika (saa ya kimya mchana, saa ya chakula cha pamoja, saa ya kuzima taa), mengine yajisogeze. Kila baada ya siku saba kaeni dakika kumi mrekebishe.

Hatua ya 2: Hewa

Mtu mzima aliyekaa tu hutoa takriban lita 18 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina lita 30,000 za hewa. Watu wanne wakifunga kila kitu, kwa saa moja huongeza karibu sehemu 2,400 kwa milioni, juu ya 420 hivi zinazokuwapo kwenye hewa ya nje. Wataalamu wengi wa majengo huichukua 1,000 kama dalili kwamba hewa haibadilishwi vya kutosha. Ule uzito wa kichwa, usingizi wa mchana na hasira zisizo na chanzo mara nyingi vinaanzia hapo, na watu hulaumiana wao kwa wao.

1. Fungua matundu mawili yanayotazamana, hata kama la pili ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Dirisha moja peke yake, hata kubwa, hubadilisha hewa polepole sana.

2. Fanya hivyo dakika kumi kila baada ya saa mbili, na mara tu baada ya kupika, kuoga na kuamka. Kama usalama na mbu vinaruhusu, acha mwanya usiku kucha.

3. Ukiwa na feni, isimamishe dirishani ikipuliza nje. Itavuta hewa safi kupitia tundu la pili. Feni iliyo katikati ya chumba kilichofungwa hupoza ngozi lakini inazungusha hewa ileile.

4. Mlango ukifungukia korido ya wote na kuna ugonjwa unaosambaa kwa hewa, geuza feni iingize hewa ya dirishani, ili ya korido isivutwe ndani. Mgonjwa akiwa chumbani kwako, rudisha feni itoe nje dirishani.

Wakati wa joto, dirisha linalopigwa na jua likingwe kwa nje: mkeka, shuka, ubao. Pazia la ndani husaidia kidogo tu kwa kuwa joto limeshavuka kioo. Joto la chumba likipita nyuzi 40, feni pekee huanza kukupulizia joto. Loanisha ngozi na nguo, na kunywa maji bila kusubiri kiu.

Adui wa pili ni unyevu. Nguo zilizokamuliwa kwa mkono bado zinabeba maji mengi, na yote yataingia hewani zikianikwa ndani. Ikibidi kuanika ndani, kunja kila nguo nzito ndani ya taulo kavu, ikanyage, kisha itundike karibu na dirisha ukiacha sentimita tano kati ya nguo na nguo. Fua kidogo kila siku badala ya rundo la mara moja kwa wiki. Kabati na vitanda visogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje, maana ukuta huo ndio baridi zaidi na mvuke hugandia nyuma ya fanicha. Ukungu ukishatokea kwenye sehemu ndogo, usiusugue mkavu, utatawanya mbegu zake chumba kizima. Ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kausha kabisa, halafu tafuta maji yanatoka wapi. Kuupaka rangi juu ni kuuficha kwa muda mfupi. Na dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki, dawa ya asidi ya chooni wala chochote chenye amonia. Gesi inayotoka huchoma mapafu, na kwenye chumba kidogo huna pa kukimbilia.

Hatua ya 3: Moto na umeme

Jiko la mkaa lisiingie ndani. Si kwa dirisha wazi, si kwa makaa yanayoonekana yamekufa, si kwa nusu saa tu ya kupasha chumba. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikiwa watu wawili au watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja, wanahisi kichefuchefu na kulegea, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si bahati mbaya. Toka nje kwanza, wote, halafu ndipo uulize maswali.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, mahali hasa wanapolala watu kwenye chumba kilichojaa. Mtungi usimame wima, usiwekwe chini ya kitanda wala kwenye kabati lisilo na matundu ya chini. Mara moja kwa wiki paka povu la sabuni kwenye regileta na urefu wote wa mpira: mapovu yakivimba, pana uvujaji. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango na dirisha, usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Ndimi za moto zikiwa za njano badala ya bluu, jiko halipati hewa ya kutosha au tundu zimeziba, safisha.

Kwenye umeme tatizo ni ekstensheni moja inayolisha nyumba nzima. Hesabu ni rahisi: ampea zidisha kwa volti upate wati. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba karibu wati 3,000. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja zimeshavuka. Tena waya wa ekstensheni nyingi za bei rahisi ni mwembamba: wenye unene wa milimita za mraba 0.75 hubeba ampea 6 hivi, yaani wati 1,400 tu, hata kama una matundu sita. Birika, pasi na jiko la umeme viwe na soketi yao ya ukutani, kimoja kwa wakati. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine. Usiutumie waya ukiwa umeviringishwa, wala usiupitishe chini ya zulia, joto halitoki. Gusa plagi baada ya dakika kumi za matumizi: ikiwa moto wa kukufanya utoe mkono, acha kuitumia.

Hatua ya 4: Nafasi

Sasa ndipo rafu. Pima chumba kwa futikamba, ukiandika pia mlango unafungukia upande gani na soketi ziko wapi. Chora kwenye karatasi ya daftari la hesabu, mraba mmoja uwe sentimita 10. Kata vipande vya karatasi vya ukubwa wa kitanda, meza na kabati kwa kipimo hichohicho, kisha vihamishe mezani badala ya kuhamisha vyenyewe. Acha njia ya sentimita 60 kutoka kila sehemu ya kulala hadi mlangoni, bila kukunja kona zaidi ya mara moja. Njia hiyo ni ya usiku, giza, moto ukitokea, kwa hiyo haiwekwi ndoo.

Kitanda ndicho kinachokula nafasi. Kiinue kwa matofali au vipande vya mbao imara kwa sentimita 15 hadi 20, kila kipande kikiwa kipana kuliko mguu wa kitanda. Zaidi ya hapo kitayumba mpaka ukifunge ukutani. Chini yake weka vitu vinavyohitajika mara moja kwa mwezi, ndani ya masanduku bapa yenye kamba ya kuvutia. Kitu cha kila siku kikiwekwa chini ya kitanda, kesho kitakuwa juu ya kitanda.

Magodoro ya sakafuni yasikunjwe papo hapo asubuhi. Yasimamishe kwa ubavu nusu saa yakauke jasho, kisha yageuke kiti yakiegemezwa ukuta wa ndani. Godoro linalolala sakafu ya saruji mfululizo hupata ukungu upande wa chini bila mtu kujua. Liwekee chaga, au angalau vibao vya kuliinua.

Rafu ya juu ndiyo faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndiyo pia inayoanguka zaidi. Tumia ubao wa unene wa milimita 18 na upana wa sentimita 25, ukae juu ya kichwa cha aliye mrefu kuliko wote. Breketi za chuma zisiachane zaidi ya sentimita 60, la sivyo ubao utapinda katikati. Weka alama kwa pima maji, au kwa bakuli la maji kama huna. Usitoboe juu wala chini moja kwa moja ya swichi au soketi, kwa sababu nyaya kwa kawaida hupanda wima kutoka hapo. Toboa kwa keekee ya milimita 6 ya zege, fisha (vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) za milimita 6, skrubu za urefu wa milimita 50. Funga kipande cha plasta kwenye keekee kuonyesha kina unachotaka.

Kosa linaloangusha rafu liko hapa: lipu ya ukuta ina unene wa sentimita moja hadi mbili, na fisha fupi huishia ndani ya lipu bila kufika kwenye tofali. Rafu itashika wiki kadhaa, kisha itang'oka na bonge la lipu. Angalia vumbi linalotoka wakati wa kutoboa. Likibadilika rangi umefika kwenye tofali, na fisha yote lazima ipite hapo. Keekee ikitumbukia ghafla, umeingia kwenye uwazi wa tofali tundu. Sogea sentimita tano. Usiweke rafu juu ya kichwa cha mtu aliyelala, hata ukiiamini kazi yako. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa atumie rafu ya kusimama, iliyofungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha isipinduke.

Pazia la kugawa chumba liishie sentimita 30 kabla ya dari na 10 kabla ya sakafu, ili hewa ipite. Linazuia macho tu. Kitambaa kizito hupunguza mwangwi, lakini anayedhani atazungumza siri nyuma ya pazia atasikika neno kwa neno.

Hatua ya 5: Akiba ya maji, chakula na dawa

Kwa kunywa na kupika hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa kila kitu pamoja na kuoga na usafi, 15 hadi 20. Watu wanne kwa siku tatu bila bomba wanataka karibu lita 48 za kunywa na kupika, yaani madumu matatu ya lita 20. Madumu yenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo, kwa kuwa mkono na kikombe haviingii. Maji maangavu yanaweza kutibiwa kwa dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone mawili kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza, maana klorini huishia kwenye tope.

Vyombo vya maji ya usafi vifunikwe. Mbu wanaoeneza dengi hutaga kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na yai hukamilika kuwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki.

Chakula kikavu: kipimo kinachotumika sana kwenye misaada ni gramu 400 za nafaka au unga, gramu 60 za jamii ya maharage na gramu 25 za mafuta kwa mtu kwa siku. Watu wanne, siku 14: kilo 22.4 za nafaka, kilo 3.4 za maharage, lita moja na nusu ya mafuta. Zaidi ya hapo kwenye chumba kimoja ni kulisha wadudu na panya. Gawa nafaka kwenye vyombo vidogo vyenye kifuniko cha kubana, ili mdudu akitokea upoteze chombo kimoja tu. Ya zamani mbele, mpya nyuma. Loweka maharage usiku ili yatumie moto kidogo.

Dawa za kila siku za shinikizo la damu, kisukari, pumu na nyinginezo ziwe na akiba ya wiki mbili, na nakala ya karatasi ya daktari ikae nazo.

Hatua ya 6: Choo cha pamoja, na mwili

Mnapotumia choo na kaya nyingine, pangeni zamu za asubuhi kwa nusu saa kwa kila kaya. Ingia ukiwa na sabuni yako, fungua dirisha kwanza, funika choo kabla ya kuvuta maji, nawa baada ya kugusa komeo. Komeo, bomba na swichi vifutwe mara mbili kwa siku, na jina la mwenye zamu liandikwe ukutani. Kazi ya wote isiyo na jina haifanywi.

Mwili unataka kuinuka kila nusu saa na dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kupanda kiti imara, kuchuchumaa na kusukuma ukuta vinatosha, na havimsumbui wa ghorofa ya chini kama kuruka kamba. Asubuhi kaa nusu saa karibu na dirisha kwenye mwanga. Bila mwanga wa asubuhi usingizi huchelewa kidogo zaidi kila siku, mpaka nusu ya chumba iko macho wakati nusu nyingine imelala, na ratiba ya hatua ya kwanza imekufa.

Hatua ya 7: Mmoja akiugua

Mpe sehemu ya karibu na dirisha, feni ikitoa nje. Wengine walale angalau mita moja kutoka kwake, kichwa upande wa miguu yake. Mhudumu awe mmoja, asiye mzee wala mwenye maradhi ya kudumu, na wote wawili wavae barakoa wanapokaribiana. Sahani na vikombe vyake vioshwe kwa maji na sabuni kama kawaida, ila asichangie na mtu. Kula na kuongea kwa pamoja mezani kusitishwe mpaka apone. Chakula kiliwe kwa zamu.

Andika ukutani, kwa kalamu nene, namba ya dharura, ya kituo cha afya kilicho karibu na ya mwenye gari anayeweza kuitwa usiku. Uliza mapema, kabla ya kuhitaji, jinsi amri inavyomruhusu mgonjwa kusafirishwa na kama kuna kibali cha kubeba. Kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, midomo kuwa ya bluu au kijivu, kushindwa kunywa au kuamshwa: hapo hasubiriwi asubuhi. Namba hizohizo zimsaidie pia yule ambaye hatari yake ni mtu anayeishi naye. Awe na begi dogo lenye vitambulisho, dawa na pesa kwa jirani anayemwamini, na neno moja walilokubaliana kwenye simu linalomaanisha aje mara moja.